Ghuba Moja, Maswali Mawili

Mwaka 1928 Mmarekani aitwaye Homer Smith alifunga safari hadi Ziwa Victoria kumtafuta samaki. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia mwenye umri wa miaka 33, ametoka kupewa ufadhili wa Guggenheim, na alichokitaka kwa samaki huyo si nyama bali mkojo. Karibu wakati huohuo, kusini mwa ghuba ambayo Waingereza waliiita Kavirondo na leo inaitwa Winam, daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alikuwa akiwafunga wenyeji mkanda mkononi na kuandika vipimo vya presha zao. Mmoja aliuliza mwili unatunzaje maji yake. Mwingine aliuliza kwa nini wagonjwa wake hawana presha. Leo mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza angekwambia kwamba hilo ni swali moja. Wakati ule yalikuwa mawili, na ilipita zaidi ya miaka 60 kabla majibu yake hayajakutana, tena kwa watu wa ziwa hilohilo.

Anayeifuata njia ya Smith na aanzie Dunga, ufuo wa wavuvi nje kidogo ya mji wa Kisumu. Samaki aliyemleta bado anavuliwa hapa. Ni kamongo, kwa jina ambalo Wajaluo wanamwita na ambalo Waswahili wa kandokando ya ziwa wamelichukua lilivyo. Baganda wanamwita mmamba, na walio wa ukoo wenye jina hilo hawamli kwa kuwa ndiye muziro wao, yaani mnyama wao wa mwiko. Mwili wake ni mrefu na wa mviringo, mapezi yake membamba yananing'inia ubavuni kana kwamba hayana kazi, na taya lake lina meno ambayo mvuvi asiye mwangalifu huyakumbuka maisha yake yote. Ana mapafu. Ukimzuia asipande juu kuvuta hewa, hufa maji ndani ya maji.

Kiangazi kikikausha kinamasi, kamongo hujichimbia kwenye matope laini, akajikunja mkia ukifunika macho, ngozi yake ikatoa ute unaokauka na kuwa ganda jembamba. Hubaki tundu dogo tu la kupitishia pumzi. Humo anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila chakula wala tone la maji, akijilisha misuli yake mwenyewe. Hapo ndipo penye swali. Mnyama yeyote anayeunguza nyama hubakiwa na taka ya amonia, ambayo ni sumu. Samaki wa kawaida huiachia itoke kupitia mashavu, maji yakaichukua. Aliyefungiwa kwenye udongo mkavu ataipeleka wapi?

Smith aliwaweka kamongo matopeni, akaacha matope yakauke, akapima. Majibu aliyachapisha mwaka 1930. Samaki aliyelala hakojoi kabisa. Amonia yote huigeuza kuwa yurea, ambayo haina madhara makubwa, na huihifadhi mwilini mwake mwezi baada ya mwezi hadi kiwango ambacho kingemuua binadamu. Mvua ikirudi, ganda likilainika, huamka na kuimwaga. Figo zilizokaa kimya muda wote huo huanza kazi.

Huenda msomaji anajiuliza mtu anawezaje kupanda meli na treni kwa ajili ya haya. Smith hakuwa mtu wa samaki, alikuwa mtu wa figo. Majira ya joto alizoea kufanya utafiti kwenye maabara ya kisiwa cha Mount Desert, pwani ya jimbo la Maine, ambako papa na samaki wengine wa bahari walimwonyesha jambo ambalo mgonjwa wa hospitalini hawezi kukuonyesha: kwamba figo hubadilika kufuatana na maji ambamo mwenyewe anaishi. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia saa zote kupitia mashavu, na bila pampu ya kuyatoa angevimba hadi afe. Samaki wa kawaida wa bahari yuko kinyume chake. Bahari humnyonya maji, naye analazimika kuinywa bahari yenyewe na kuitema chumvi. Yule wa kwanza hukojoa sana, wa pili hukojoa kidogo mno. Wapo samaki wa bahari ambao figo zao hazina kabisa vile vifundo vya mishipa vinavyochuja damu.

Kutokana na hayo, Smith na mwenzake E. K. Marshall wa Johns Hopkins walitoa nadharia mwaka huohuo wa 1930. Walisema wanyama wenye uti wa mgongo walianzia mitoni na maziwani, na kwamba kichujio cha figo kilizaliwa kama pampu ya kutoa maji yaliyozidi. Viumbe walipohamia nchi kavu, ambako maji ni adimu, walibaki na pampu ambayo hawakuihitaji tena, wakalazimika kuiwekea vifaa vya kurudisha maji ndani. Ni nadharia nzuri ya kusimulia, lakini sehemu yake ya kwanza haikudumu. Wataalamu wengi siku hizi wanaona asili yetu ni baharini. Sehemu ya pili ndiyo yenye thamani, maana inaeleza kwa nini figo ya binadamu inafanya kazi kwa namna inayoonekana ni ya kipumbavu.

Kila figo ina nefroni kama milioni moja. Kwenye kichwa cha kila moja kuna kifundo cha mishipa myembamba, na hapo nguvu ya damu yenyewe ndiyo inayosukuma maji yatoke pamoja na kila kitu kidogo kilichoyeyuka ndani yake: sukari, chumvi, potasiamu, yurea. Chembe za damu na protini hubaki. Kwa mtu mzima hutoka mililita 125 hivi kwa dakika, karibu lita 180 kwa siku, ilhali damu yote mwilini ina majimaji ya lita tatu tu. Ndani ya lita hizo 180 mna karibu kilo moja na nusu ya chumvi. Kisha, kwenye mirija inayofuata, zaidi ya asilimia 99 ya maji na chumvi hiyo hurudishwa kwenye damu. Ni sawa na mama mwenye nyumba ambaye, badala ya kuwinda takataka pembe kwa pembe, hutoa vitu vyote uani, akarudisha ndani anavyovitambua na kuacha nje vilivyobaki. Kazi ni kubwa, ila ina faida yake: hahitaji kuijua kila takataka kwa sura. Dawa au sumu ambayo mababu zetu hawakuwahi kuionja, maadamu imepita kwenye kichujio na haina wa kuirudisha, itatoka.

Namba hizo tunazijua kwa sehemu kubwa kwa juhudi za Smith mwenyewe. Katika miaka ya 1930, akiwa Chuo Kikuu cha New York pamoja na James Shannon, alitumia inulini, wanga wa mizizi ya ua la dalia. Ukiuingiza kwenye mshipa, figo huuchuja wote kwa uhuru, wala mirija hairudishi wala haiongezi kitu. Kwa hiyo ukipima ulioko kwenye damu na ulioko kwenye mkojo, unapata kasi ya kuchuja bila kumkata mtu. Kundi la A. N. Richards kule Philadelphia lilifikia njia hiyohiyo wakati uleule. Daktari anayekwambia leo kwamba figo zako "zinafanya kazi asilimia sitini" anakisia, kwa kutumia taka ya damu iitwayo kreatinini, kitu kilekile ambacho inulini ilikipima sawasawa.

Mwaka 1932, kabla ya hayo, Smith aliandika riwaya akaiita *Kamongo*, mazungumzo ya mwanasayansi na padri melini. Wamarekani waliisoma sana. Ni ajabu kidogo kwamba neno la Kijaluo lilikaa kwenye rafu za vitabu za New York kabla wasomi wengi wa Afrika Mashariki hawajamwona kamongo kuwa kitu cha kuandikiwa.

Sasa tumgeukie Donnison. Kutoka Kisumu barabara inapita Ahero, Sondu na Oyugis, ikiacha joto la tambarare ya Kano na mashamba yake ya mpunga, ikapanda hadi kwenye migomba na chai ya Wagusii. Eneo hili, pamoja na nchi ya Wajaluo wa kusini na Wakuria, ndilo lililokuwa Kavirondo Kusini. Mapema mwaka 1929 jarida la *Lancet* la London lilichapisha taarifa yake fupi. Katika miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakuwa amekutana hata na mmoja aliyegunduliwa kuwa na presha ya juu. Akapima watu 1,000 wenye afya. Hadi umri wa miaka 40 hivi vipimo vilifanana na vya Wazungu. Baada ya hapo, wakati presha ya Mzungu hupanda, ya watu hawa ilianza kushuka.

Umri ulikuwa wa kukadiria, na mkoloni alikuwa na mazoea ya kuona alichotaka kuona. Hata hivyo vipimo vile havikuwa upuuzi. Wengine waliopima vijijini Afrika Mashariki miaka iliyofuata waliona mambo yanayofanana. Tatizo lilikuwa kwenye maelezo. Donnison aliona sababu ni ustaarabu, kwamba mwenyeji hana mahangaiko ya maisha ya kisasa. Hili ndilo linalonikera kila ninapolisoma. Watu waliokuwa wakidaiwa kodi ya kibanda, ambao miaka kumi tu kabla vijana wao walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani, wanaambiwa hawana mahangaiko. Chungu kilichokuwa jikoni hakikupewa nafasi. Chumvi ya dukani ilikuwa adimu na ya kununua. Majirani wa kaskazini, Waluhya, walikoleza mboga kwa munyu, maji yaliyopitishwa kwenye majivu ya mashina ya maharage, ambayo yana potasiamu nyingi. Nafaka, mboga za majani na ndizi nazo zilijaa potasiamu. Figo ikipata sodiamu kidogo na potasiamu nyingi hufanya kazi yake bila kuhitaji kuongezewa nguvu.

Hapo ndipo maswali mawili yalipopaswa kukutana, lakini uzi wa kuyaunganisha ulikuwa mbali. Mwanzo wake ulikuwa Stockholm. Mwaka 1898 Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman waliisaga figo ya sungura, wakaingiza maji yake kwenye mshipa wa sungura mwingine, na presha ikapanda. Kitu hicho walikiita renini. Hakuna aliyejali kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland aliibana mishipa ya damu iendayo kwenye figo za mbwa kwa vibano vidogo vya fedha, si kuifunga kabisa, kuibana tu. Presha ya mbwa ilipanda na kubaki juu. Figo iliyopunguziwa damu ilikuwa inadhani mwili mzima umepungukiwa, ikapiga kelele ya renini. Mwaka 1939 na 1940, watafiti wa Buenos Aires na wa Indianapolis, bila kushirikiana, waligundua kwamba renini yenyewe haibani mishipa. Huikata protini ya damu na kutoa kitu kingine, ambacho baadaye kiliitwa anjiotensini. Hicho ndicho kinachobana mishipa, na pia huiamuru tezi iliyokaa juu ya figo itoe aldosteroni, homoni ya kuiambia mirija: rudisha chumvi zaidi. Maji hufuata chumvi. Mwili hauruhusu damu iwe na chumvi zaidi ya gramu tisa hivi kwa lita, kwa hiyo kila gramu tisa zinazozuiliwa hubaki na lita nzima ya maji. Kiu huja, ubongo nao unatuma homoni ya kuzuia mkojo, na mishipa inajaa.

Kazi ya Goldblatt ilileta balaa dogo. Madaktari wa upasuaji walianza kuwatoa watu figo moja, ile iliyoonekana mbovu, wakitumaini presha itashuka. Aliyewasimamisha ni yuleyule mtu wa kamongo. Mwaka 1956 Smith alikusanya taarifa za mamia ya wagonjwa waliopasuliwa, akaonyesha kuwa ni robo yao tu hivi waliopona presha. Waliobaki walipoteza figo na presha yao wakabaki nayo. Nadhani hili ni kati ya mambo muhimu zaidi aliyoyafanya, ingawa wanaomsifu huishia kwenye inulini.

Aliyemalizia kuunganisha uzi ni Arthur Guyton wa Mississippi, ambaye kitabu chake cha fiziolojia wanafunzi wa Muhimbili, Nairobi na Makerere wamekibeba kwa miaka mingi. Polio ilikuwa imempoozesha, akaacha ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji. Hoja yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuikwepa. Presha ikipanda, figo yenye afya huachia chumvi na maji zaidi hadi ishuke. Basi mtu hawezi kukaa na presha ya juu miaka nenda rudi isipokuwa figo zake zimekubali kiwango hicho kipya, kwa sababu ya maradhi, homoni, urithi, au chumvi nyingi ya kila siku. Mwaka 1983 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa sita wa Kimarekani ambao presha ilikuwa imeua figo zao. Walipopandikizwa figo za watu wasio na presha, nao presha ikawaacha.

Ushahidi wa swali la pili, lile la Donnison, ulikuwa unakusanywa huku nyumbani, Afrika Mashariki. Miaka ya 1960, A. G. Shaper na wenzake wa Makerere waliwafuatilia morani wa Kisamburu, watu wa maziwa na nyama, walioandikishwa katika jeshi la Kenya. Jeshini walikula posho yenye chumvi kuliko walivyowahi kula, na presha zao zilianza kupanda ndani ya miezi michache, zikaendelea kwa miaka. Vijana walewale, urithi uleule. Mwaka 1988 ukatoka utafiti mkubwa wa dunia, watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32, wote wakikusanya mkojo wa saa 24 ili chumvi wanayokula ijulikane bila kubahatisha. Vituo vinne vilikuwa na chumvi kidogo na presha za chini kupita vingine: viwili vya wenyeji wa asili wa misitu ya Brazili, kimoja cha nyanda za juu za Papua New Guinea, na kimoja cha kijijini Kenya.

Miaka miwili baadaye Neil Poulter na wenzake wakachapisha utafiti wa Wajaluo wahamiaji. Walichukua vijana zaidi ya 300 waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda Nairobi kutafuta maisha, na wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, kwa miaka miwili. Hawakusubiri uzee wala miongo ya mahangaiko. Ndani ya miezi ya mwanzo tu ya kufika mjini, presha za wahamiaji zilikuwa juu ya zile za waliobaki. Mkojo wao ulieleza sababu mojawapo: sodiamu imeongezeka, potasiamu imepungua. Uzito nao ulikuwa juu, na mapigo ya moyo yalikwenda haraka zaidi, kwa hiyo Donnison hakukosea kabisa kuhusu mahangaiko. Alikosea kuyafanya yawe jibu zima.

Dawa zinazofuata njia hii ya figo hutumiwa sana siku hizi. Kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilizaliwa kutokana na sumu ya nyoka wa Brazili, na huzuia anjiotensini isitengenezwe. Losartani huizuia isishike pale inapofanyia kazi. Vidonge vya kukojoza huilazimisha mirija iache chumvi iende. Zote zinaishughulikia figo, ingawa mgonjwa huambiwa tu kwamba ni dawa ya presha.

Kijijini mambo hayakubaki palepale. Duka la karibu lina chumvi ya pakiti, mkate, majani ya chai na vikolezo vya unga. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, vijijini na mijini. Atakayetaka kuurudia utafiti wa mwaka 1990 atakwama hatua ya kwanza kabisa, kwenye kumpata mtu aliyebaki nyumbani ambaye chakula chake bado ni tofauti na cha aliyehama.